Barafu Imeanguka Matrah

Wifi yangu Zuwena,

Jana alasiri ilianguka barafu hapa Matrah, na nakuhadithia wewe kwa sababu ndiwe uliyekuwa ukiniamini kwa kila kitu. Si theluji ile ya kwenye kalenda. Ni mvua ya mawe, punje mwanzo kama kunde, kisha kama zabibu, zikigonga madebe ya maji hata tukadhani watoto wanarusha kokoto.

Ungewaona watu. Waliokuwa nje walikimbilia ndani, waliokuwa ndani wakakimbilia nje, wakakanyagana mlangoni. Mzee anayeuza kamba alisimama kichochoroni akiomba dua kwa sauti, kilemba kimejaa mawe, hataki kukikung'uta. Wanawake walitoka na masinia, masufuria, hata beseni za kufulia. Mimi nilijaza jagi, nikalifunika kwa sahani, nikalitia kabatini nikafunga na ufunguo, nimwekee kaka yako Nassor. Mtu wa Unguja, barafu ya mbinguni ataijulia wapi?

Lakini nilipoishika tu, moyo uliniuma.

Siku yako ile ya mwisho, umelala mgonjwa na joto limetukaba, uliniambia: "Raya, nnataka maji ya baridi. Baridi hasa, kama yale ya kwetu ya barafu." Mtungi wetu ulikuwa haupozi kitu kwa fukuto. Nyumba ya tatu, kwa Bi Thuweiba, palikuwa na friji la mafuta ya taa, mtaa mzima unalijua. Nilivaa buibui nikafika hadi mlangoni kwake. Nikainua mkono nibishe, nikaushusha, nikarudi. Tulikuwa tumekimbia Unguja, Omani hii hatujamaliza mwezi, na juzi yake wanawake wa kisimani walikuwa wamekicheka Kiarabu changu. Niliona haya, wifi. Nikakupa maji ya mtungini, vuguvugu, nikakudanganya kuwa yametoka kwa jirani. Uliyanywa, ukakunja uso kidogo, ukasema, "Ahsante." Alasiri haikukukuta.

Hili sijamwambia mtu.

Sasa jana, Bi Thuweiba naye alikuwa nje na sinia, friji lake nyumbani, anaokota barafu chini kama sisi masikini. Tukagongana mabega. Tangu matanga yako nilikuwa nikimkwepa, lakini jana kila mtu alikuwa akisema na kila mtu, nikajikaza nikamwambia kwa Kiarabu changu kibovu kwamba vidole vinaniuma. Akacheka.

"Sema Kiswahili, mwanangu. Mie nimezaliwa Wete. Miezi yote hii nnakuona unapita umeinamisha uso, nikajua una maringo."

Nikakaa chini pale pale penye maji. Nilimwambia nimeteleza. Akanishika mkono kuniinua, akasema nikitaka kitu nibishe, nisingoje kualikwa. Mkono wake ulikuwa baridi kwa ile barafu, nami nilitamani kuuvuta wangu.

Kaka yako aliporudi nilifungua kabati kwa mbwembwe zote nikamtolea jagi. Maji matupu. Nilidhani atanicheka wiki nzima, maana unamjua. Hakucheka. Alichovya vidole, yalikuwa bado na ubaridi, akasema, "Ndiyo hii tuliyomwombea Zuwena tulipomsalia, aoshwe kwa maji na theluji na barafu. Nimewaombea maiti wangapi, na hii ya mbinguni sijapata kuigusa." Kisha akanitazama kwa upole, akaniambia moyo wake umetulia kwa jambo moja, kwamba dadake hakukosa kitu mikononi mwangu. Nilijua anayasema hayo kwa watu. Mimi usoni alikuwa hajapata kuniambia.

Niliinuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Nisamehe, wifi. Ulikuwa huna tabia ya kuniomba vitu, ukaniomba kimoja. Nakukumbuka ulivyokuwa ukinichapa kwa upande wa kanga ukisema nimemwibia kaka yako, na sasa hakuna wa kunichokoza humu ndani, nyumba imekuwa na adabu mno. Mungu akuoshe kwa hiyo barafu, akunyweshe maji baridi kuliko yote niliyoshindwa kukuletea.

Nakuahidi jambo moja. Kaka yako yuko uani anatawadha. Akimaliza kusali nitamketisha, nimwambie kwamba ulikufa na kiu, na kwa Bi Thuweiba nilifika hadi mlangoni, sikubisha.

Wifi yako,
Raya