Kunawa Mara Saba

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 17 Novemba 1996

Kwa dada yangu mpenzi Zubeda, Kigoma.

Assalamu alaikum. Dada, kabla sijasema lolote, naomba barua hii ikukute na afya, goti limepoa na chakula kinapita kooni. Mimi mdogo wako Tajudini ni muzima wa mwili, alhamdulillahi. Risasi bado tunazisikia upande wa juu, lakini Buyenzi tunalala na tunaamka. Shemeji hajambo huko kazini kwake Uvinza? Na Asiya wangu ameshazoea, au bado anakataa dagaa? Mwambie baba yake anamuuliza kila siku.

Najua Khadidja yuko kwako. Ameniambia Mohamadi, yule fundi wa mashine za boti anayejua njia zake hata wakati huu wa ambargo, mipaka ikiwa imefungwa, na ndiye anayekuletea barua hii. Dada, iliniuma. Mutu anaachwa na mume wake, ana baba, ana mama, ana wajomba mtaani, kartie nzima, halafu anavuka ziwa anaenda kulia kwa dada wa mume! Na wewe unampokea, unamtandikia kitanda! Hata dada yangu wa tumbo moja amekuwa wake. Nikasema basi, kabla hujanihukumu, usikie na upande wangu. Nilimpa talaka moja, siyo tatu, na eda yake itakwisha karibu na Ramadhani. Ikipita hapo ni posa mpya na ndoa mpya, na sijui nani atakuwa amenitangulia.

Unakumbuka tulivyokuwa. Meza moja ya kazi, mimi huku na nyundo na fedha yangu, yeye kule na shanga zake, magoti yanagusana. Mimi napiga bangili, yeye anaing'arisha. Halafu wanawake wa Rohero wakaanza kuja, wananipita kama hawanioni, wanauliza hereni za Khadidja. Bangili niliyoihangaikia siku tatu haitazamwi, na vipande vya pembe ya ng'ombe alivyotunga huku anageuza maharagwe vinagombaniwa. Nilicheka nao. Moyoni, dada, nilikuwa nakaangwa.

Mteja wake mkubwa alikuwa madamu mmoja Mzungu wa Mutanga Nord, mwenye tabia ya kuokota mbwa waliotupwa na kuwatibu nyumbani kwake. Mwezi wa saba, serikali ilipopinduliwa, Wazungu wengi walipanda ndege, na yeye akapanda. Mbwa akawaacha mikononi mwa zamu wake, mlinzi wa nyumba, Gélase. Nikadhani tumemalizana na Mutanga Nord. Apana. Khadidja akaendelea kwenda siku tatu kwa wiki, akisema amepata wateja wapya kulekule.

Sitamsingizia uvivu. Alfajiri mkaa umeshawaka, Asiya ameshavaa, mchele umeshachambuliwa. Mpaka adhuhuri anatunga shanga, halafu anajifunga kitenge, anachukua kikapu, anapanda huko juu kwa miguu maana mafuta hayapatikani na teksi zimelala. Saa kumi na moja amerudi, anapika, anamsomesha mutoto. Hakuna kilichoharibika nyumbani. Kilichosahauliwa ni mimi tu. Tasbihi yangu ilikatika Ramadhani iliyopita, nikamwomba anitungie upya, akasema kesho. Dada, kesho hiyo ilifika mpaka mwezi wa kumi.

Mwezi huo wa kumi nikaanza kuona jambo. Anarudi ameoga. Nywele mbichi chini ya mtandio, kitenge siyo kile alichotoka nacho, sabuni inanukia kuanzia mlangoni. Wewe ni mutu mzima, usinilazimishe kuandika zaidi. Mwanamke wa Kiislamu aliyeolewa anatoka kwake mkavu, anarudi ameoga mchana kweupe, huku kwetu nani anauliza sababu? Nilimuuliza mimi mumewe. Akasema kule juu kuna vumbi. Vumbi, na mvua imenyesha wiki nzima!

Nikaenda kumwangalia huyo Gélase, Jumapili, akitoka kanisani. Mrefu, anaimba kwaya, meno yote yamo na anayaonyesha. Nikarudi nyumbani sina hamu ya chakula. Bangili niliyoipiga wiki ile ilitoka na umbo la yai.

Ijumaa moja baada ya swala nilimngoja uani. Majirani walikuwa wanafua, wanasikia kila kitu, na mimi nilitaka wasikie. Nikamtaja Gélase kwa sauti. Khadidja aliweka kikapu chini, akasema yake mbele ya wote. Akasema hakuna wateja, kuna mbwa. Kuna wale wa madamu, na kuna wengine waliotoka Kamenge, ambao wenye nyumba zao walikimbia mwaka jana na hawakuweza kubeba hata godoro. Gélase peke yake hawezi kuwapikia wote na kuwafunga vidonda. Akasema alinificha kwa sababu niliwahi kuapa kwamba aliyegusa mbwa hatagusa sufuria yangu. Kwa hiyo kila siku kabla ya kurudi alijiosha bombani mara saba, ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni, halafu akaoga na kubadilisha nguo, asituletee najisi ndani.

Watu walicheka, dada. Wakauliza nani amesikia mwanamke kupita bariyeri za wanajeshi kwa ajili ya mbwa. Yeye akanigeukia mimi, akaniomba niseme kama ninamwamini. Nikasema ni muongo, na talaka nikaitamka palepale.

Hiyo ndiyo habari ambayo kila mutu wa Buyenzi anaijua, na labda na wewe umeletewa hivyohivyo. Sasa nikupe ile ambayo siku ile sikumpa mutu.

Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa, nilimfuata. Nilipita Rohero nikiwa nyuma yake, nikapanda naye mpaka Mutanga Nord, nikasimama kwenye ukuta wa madamu mahali ambapo tofali limetoka. Nilikuja kuona mwanamume. Gélase alikuwa kule mbali anasonga ugali wa mbwa kwenye pipa, jasho linamtoka, hata hamtazami. Khadidja amekaa chini. Mbwa mmoja wa miguu mitatu amelaza kichwa mapajani mwake, naye anamfunga kidonda, anamwambia maneno polepole, anacheka. Kicheko kile, dada! Kilikuwa changu. Ni cha pale mezani, magoti yakigusana, na sikuwa nimekisikia tangu vita vizidi. Na shingoni mwa yule mbwa kulikuwa na mkufu wa shanga za bluu, umetungwa kwa raha, fundo kwa fundo. Mbwa amevaa shanga, na tasbihi yangu iko kwenye kopo!

Nilibaki palepale mpaka alipokwenda bombani. Nikahesabu mwenyewe. Saba, na ya kwanza kwa udongo.

Kwa hiyo Ijumaa ile nilijua. Aliponiomba niseme kama ninamwamini, sikuwa na la kuamini wala kutoamini, nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Ingekuwa mwanamume ningepigana naye. Na mbwa je, nipigane naye? Nikaona afadhali mke wangu aitwe mzinzi kuliko mimi niitwe mume anayemwonea mbwa wivu. Nikamwacha achekwe, nikamwacha afunge nguo zake na kumshika Asiya mkono. Hilo ndilo nililofanya, na hakuna shetani wa kumsingizia, ni mimi.

Wiki iliyopita niliwaita majirani walewale, uani palepale, nikawaeleza yote kama nilivyokuandikia. Baba yake Khadidja alikuwepo. Alivaa viatu akaondoka. Sasa watoto wa kartie wakiniona wanabweka. Wabweke tu. Nimekwenda na kwa Gélase kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipa mwiko, maana pipa lilikuwa linaungua. Nimerudi mara tatu. Yule wa miguu mitatu anapokea chakula mkononi mwangu huku anachungulia nyuma yangu, anatafuta mutu mwingine. Bado ninamwonea wivu, wallahi, sitakudanganya.

Na tusidanganyane na hili pia. Wewe, dada yangu, hukwenda shule hata siku moja, shemeji yuko Uvinza, na Asiya bado anasoma herufi. Ninajua ni nani anayekusomea barua hii. Khadidja, nimeandika jina la dada juu ya bahasha kwa sababu kwa jina lako usingeifungua. Kama kuna mahali umeruka kwa aibu, rudi. Soma kwa sauti, dada asikie. Aibu ile ni ya kwangu.

Sheria unaijua kama ninavyoijua. Eda haijakwisha, na neno la kukurejea ni langu peke yangu. Nikiliandika hapa na kulikusudia, umeshakuwa mke wangu, upende usipende. Tangu asubuhi nimekaa na kalamu, nimelizunguka. Sikuliandika. Nilikutoa bila kukusikiliza, sitakurudisha bila kukusikiliza. Ukisema niandike, nitaandika siku hiyohiyo. Ukinyamaza, siku zitakwisha zenyewe, na hapa mtaani nitasema ni wewe uliyenikataa, na ulikuwa na haki.

Dada, nisamehe kwa kukuchosha. Msalimie shemeji akirudi, wasalimie watoto, na Asiya umkumbatie kwa niaba yangu mpaka alalamike. Mungu awalinde nyote na atuletee amani tuonane. Mohamadi atakaa Kigoma siku mbili. Karatasi iliyobaki wazi chini ya jina langu nimemwachia anayesoma.

Mdogo wako,
Tajudini