Kitoeni Sandukuni Kitabu cha Neema

Kambi ya wakata kuni, Itigi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Nakuamkia kwa karatasi, maana kwa mdomo ni muda mrefu sijakuamkia. Magoti yako yanaendeleaje na baridi ya huko juu? Uwele umekomaa? Ndege wamewaachia kitu? Mimi ni mzima, ila mguu wa kushoto umevimba. Nilichomwa na mwiba wiki iliyopita na kipande kimebaki ndani. Kusimama na kukata naweza, kutembea mbali siwezi.

Najua barua hii utasomewa na mwalimu wa kanisani. Mwalimu, nakuomba umsomee mama yote, usiruke pale utakapoona haya. Kisha umweleze kwa Kinyiramba mpaka aseme ameelewa. Mimi niliishia darasa la pili, mwandiko wangu unaujua.

Mama, barua ya kaka Kiula imenifikia juzi kwa mkono wa dereva wa lori. Ina mambo mawili. La kwanza, kitabu nilichomtumia mwanangu Neema kimefika. La pili, umeamua Neema akatwe chini ya ulimi mkishavuna, kwa kuwa ameona mvua nne na bado hasemi neno hata moja.

Nikueleze kitabu kilitoka wapi, kwa sababu nadhani hamkuelewa, na kosa ni langu. Nilituma kitu bila maneno.

Jumapili tusipokwenda porini huwa napasua kuni nyumbani kwa karani wa stesheni. Mke wake ni mtu wa Tabora, ana binti mdogo kuliko Neema. Mama, yule mtoto anaongea kama mtu mzima! Siku ya kwanza alinisimamia mlangoni akaniuliza, "Baba, mbona shoka lako limechoka?" Nilicheka, kisha nikageuka nikafuta uso, nikasingizia jasho. Mama yake akaniona.

"Una mtoto?" akaniuliza.

"Ninaye, wa kike. Ana miaka minne. Haongei."

"Anasikia?"

"Anasikia sana. Kengele ya mbuzi ikilia bondeni yeye ndiye wa kwanza kugeuka."

"Akitaka maji anafanyaje?"

"Ananyoosha kidole."

"Na ninyi?"

"Tunampa."

Yule mama akapiga makofi. "Basi mdomo wake una kazi gani hapo kwenu? Kidole kinamtosha."

Akamwita binti yake, akampakata, akachukua kitabu cha picha. Maandishi yake ni ya Kizungu na ni machache, hata yeye hayasomi. Anaweka kidole kwenye picha, anauliza, "Huyu nani?" halafu ananyamaza. Mtoto anaangalia, anafikiri, anasema, "Kuku." Mama anaongeza, "Ndiyo, kuku anadonoa. Anadonoa nini?" Ananyamaza tena. Kazi yote ni hiyo. Niliacha shoka nikakaa chini kuwatazama mpaka karani akatoka akaniuliza kama nimekuja kupasua kuni au kusoma.

Yule mama alinipa kitabu kingine walichokwisha kukichoka, kisicho na jalada. Ndicho nilichowatumia. Nilikitazama sana kabla ya kukituma. Kuna ng'ombe asiye na nundu, sijui alipatwa na nini. Kuna kuku, ndoo, mwanamke anafua, mbwa amelala, mtoto analia. Nikasema, haya yote yapo kwetu, Neema atayajua.

Sasa kaka anaandika hivi: "Kitabu chako cha serikali tumekipokea kwa heshima. Mama amekifunga kwa kitambaa cheupe, amekitia kwenye sanduku la bati pamoja na stakabadhi za kodi za marehemu baba. Hata panya hatakifikia. Neema alitaka kukishika, mama akampiga mkono, maana angekichafua."

Niliisoma kwa sauti kibandani, na Mgogo tunayelala naye kibanda kimoja akacheka mpaka akakohoa. "Ninyi Wanyiramba! Mtu anawapa kitabu mnakizika. Mwakani mtakipalilia?" Nami nilicheka. Baadaye nikaliona lile neno, kwamba Neema alitaka kukishika, nikaacha kucheka.

Mama, sikulaumu. Kwetu karatasi yenye chapa ni ya kodi, au ya bwana shauri wa boma, au ya Mungu, na zote haziguswi ovyo. Hata mimi nisingemwona yule mke wa karani ningekifungia. Lakini hicho si cha serikali. Ni cha kuchafuliwa. Kikichanika kichanike, kikipakwa uji kipakwe. Kitoeni, umpakate Neema mchana mkishatoka shambani, umwonyeshe kuku na umwulize kwa lugha yetu. Hakuna haja ya mwalimu wala ya kujua kusoma. Kisha unyamaze. Najua kunyamaza ni kugumu kwako, mama, nisamehe kwa kusema hivyo. Mtoto akiangalia tu, kabla hajafungua mdomo wewe umeshamsemea, umeshampa, umeshambeba. Ni kwa mapenzi. Nami nilipokuwepo nilifanya hivyohivyo, halafu nikaondoka.

Sasa nasema la ulimi. Unasema mtoto wa jirani alikatwa na sasa anaongea. Sibishi. Lakini mtoto wa dada Maria alikatwa kimeo na mzee huyohuyo kwa wembe huohuo, akavuja damu siku mbili, na tulimzika sote. Wewe mwenyewe ndiwe uliyemwogesha. Mwalimu, hapa usiruke.

Nilikwenda kwa nyapara kuomba ruhusa ya siku kumi na tatu, sita za kwenda, moja ya kukaa nyumbani na sita za kurudi. Akauliza, "Mtoto anaumwa?"

Nikasema, "Haumwi. Haongei."

Akawaita wenzake. "Njooni msikie! Huyu anataka ruhusa kwa kuwa mtoto wake haongei. Ndugu yangu, shukuru Mungu. Wangu watano hawanyamazi, nikuletee mmoja?"

Wakacheka. Nilipomweleza habari ya wembe aliacha kucheka, lakini akasema kipande changu, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, bado siku kumi na moja kijae, na akimruhusu mmoja kambi yote itakuwa na watoto bubu. Nikiondoka bila ruhusa siku zote nilizofanya kazi zinafutwa bila malipo, na polisi wanajua kwetu ni wapi. Hata ningethubutu, kwa mguu huu nisingevuka hata kijiji cha Mkiwa hapo njiani. Nilijaribu jana jioni kutembea mpaka kwenye reli na kurudi. Nilirudi nimeshikwa mkono na yule Mgogo, na safari hii hakunitania.

Kwa hiyo nimebaki na karatasi hii peke yake. Dereva anaondoka kesho kwenda Singida. Akipata mzigo wa huko kwetu ataifikisha, asipopata itangoja dukani huko Singida mpaka apatikane mtu anayepita. Huku mabua yameshaanza kukauka, na huko nadhani mmeshaanza kuvuna. Nahesabu siku na kila nikihesabu hazitoshi.

Mama, kaka hakuandika mama Neema anasemaje. Labda hakuulizwa. Nakuomba umwulize, mbele ya kaka, na akisema hapana, hiyo hapana iwe pia yangu.

Kama barua imefika mapema, mwambie yule mzee wa wembe kwamba baba wa mtoto amekataa, na lawama zote nitazibeba mimi. Mpe kuku wake wa ujira arudi kwao kwa amani.

Kama imechelewa na ameshakatwa, usiniandikie alilia vipi. Mpeni uji wa vuguvugu usio na chumvi, na asilale kifudifudi. Kidonda kikipona kitabu kifunguliwe vilevile, maana hata ulimi uliokatwa hautajua maneno kama hakuna anayemwuliza. Wala usiogope kuonana nami, mama. Nitarudi nyumbani kwako hata hivyo.

Nisalimie kaka Kiula na shemeji. Msalimie dada Maria, umwambie nimemtaja mtoto wake bila ruhusa yake, anisamehe. Mjomba wa mizinga mwambie asali ya pori hili ni nyeusi kuliko yake. Mama Neema msalimie peke yake, msiwe na watu.

Neema mshike mkono wake uleule uliompiga alipotaka kitabu.

Ni mimi mwanao,
Mkumbo