Vifungo vya Koti la Hamisi

Bwiza, Bujumbura
Jumanne, baada ya chai ya asubuhi

Mdogo wangu Tatu,

Assalaam alaykum, wewe na wote wanaolala chini ya paa la nyumba ya mama huko Ujiji. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na shemeji, ameacha kubishana na redio? Nauliza kwa utani, lakini nataka kujua. Mimi moyo wangu umechoka. Daktari ameniambia kwa upole mno, na upole wa daktari nimeuelewa. Miguu imevimba, viatu nimempa jirani, na herufi hizi unazoziona zikiyumba nimeziandika kwa siku tatu, nikipumzika kila baada ya mistari michache. Nivumilie.

Najua hukungoja barua, ulingoja video. Sauti yako uliyotuma kwenye simu ya mjukuu wangu Zuhura nimeisikiliza mara nyingi. Umesema kitukuu wako mchanga atapewa jina la ndugu yetu marehemu Hamisi siku ya akika; kwamba ile picha ya Hamisi iliyo ukutani imefifia, mnataka kuikuza iwe kubwa kama mlango wa kabati, mtoto aletwe mbele yake. Ukasema, "Kaka, na wewe tuelezee habari zake, dakika tano tu." Nimejaribu, Tatu. Nikueleze nilivyojaribu, ndipo utaelewa kwa nini nimeshindwa.

Zuhura anaishi nami katika vyumba vile viwili, na kile cha mbele, kilichokuwa studio yangu ya picha, sasa ni studio yake. Anauza vitenge kwa simu, anajirekodi akionyesha namna ya kufunga kilemba. Ana taa moja ya duara, kama pete kubwa, imesimama kwenye miguu mitatu. Ana balbu nyingine ameifunika kwa shuka jeupe ili mwanga uwe laini. Ana pia boksi bovu la sabuni alilolibandika karatasi ya fedha ya kufunikia chakula, la kurudishia mwanga upande wenye kiza. Nilipoviona mara ya kwanza nilikaribia kulia. Kazi ni ile ile niliyoifanya mimi, vyombo tu ndivyo vilivyobadilika.

Jumamosi asubuhi umeme ulikuwepo, akasema tusipoteze nafasi. Akanivisha kanzu na kofia, akaniweka kwenye stuli katikati ya chumba.

"Usiegemee ukuta, Babu. Kivuli kitakushika mugongo."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Simu."

"Simu! Mimi nilikuwa nasema maneno hayo hapa hapa kabla mama yako hajaota meno."

"Basi ni we ulifundisha simu," akasema, na tukacheka wote wawili.

Nikamwambia afunge pazia, maana mwanga wa dirishani ni wa buluu na wa balbu yake ni wa manjano, ukiichanganya uso wa mtu unakuwa kama wa mgonjwa.

"Lakini Babu, we ni mugonjwa," akasema, kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia aendelee tu, taa haina adabu.

Tatizo likawa miwani. Taa ya duara ilikuwa mbele yangu, na kwenye vioo vya miwani yangu yakaonekana mapete mawili meupe.

"Apana, Babu. Macho siyaoni kabisa. Mi naona mupira mbili."

Akaivua miwani, akaiweka mfukoni mwake, na taa akaisogeza ubavuni kwangu ili isinichome macho. Kazi hiyo ilitaka mtu wa tatu, wa kushika lile boksi la karatasi ya fedha upande wa pili, na hatukuwa na mtu. Kwa hiyo nusu ya uso wangu ikabaki gizani. Kisha akaigeuza simu ile kamera ya mbele inielekee, ili nijione kama kwenye kioo na kichwa kisitoke katikati. Akachukua simu nyingine, ambayo mjukuu wako alimtumia ile picha ya Hamisi, akaiweka sambamba na uso wangu.

"Babu! Angalia! We na Babu Hamisi ni mutu mumoja! Toa mikunjo tu. Hata bega, angalia, hata bega munainua sawa!"

Alikuwa anacheka kwa furaha, mtoto wa watu. Alidhani ni damu. Nikamwambia, "Zima." Akasema bado hajaanza kurekodi. Nikamwambia tena, "Zima taa, Zuhura." Akazima. Tukakaa kwenye kile kiza cha mapazia hadi adhana ya adhuhuri.

Tatu, picha iliyo ukutani kwako si ya Hamisi. Ni yangu.

Sasa nimeliandika. Nimelipumzisha neno hilo nusu siku ndipo nikarudi kulisoma, na bado ni kweli.

Wewe ulikuwa na miaka kumi Hamisi alipokuja huku kwangu kujifunza ushonaji. Utakumbuka alivyopenda kuvaa. Mwaka wake wa pili alijishonea koti la kijivu kwa mkono wake, akalipiga pasi, akaja studio siku ya Idi amepaka mafuta kichwani. "Kaka, nitoe vizuri," akaniambia, "mama asiseme nimekonda." Siku zile filamu zilikuwa hazipatikani mjini. Iliyokuwa ndani ya kamera ilikuwa imebakiwa na picha chache, na nilikuwa nimeziweka kwa harusi ya mfanyabiashara mmoja.

Sisi wapiga picha tulikuwa na mchezo wetu, tuliuita kumpiga mtu hewa. Watoto wakikusumbua, au jamaa akidai picha ambayo huwezi kumpa, unachukua kamera isiyo na filamu, unampanga, unamwambia acheke, unabonyeza, taa inamulika, naye anaondoka ameridhika. Kesho unamwambia iliungua. Kila studio ilifanya. Nilikuwa na kamera ya pili, mbovu, ya kazi hiyo tu.

Nikampiga Hamisi hewa.

Nilimpanga kwa makini, Tatu, na hilo ndilo linalonitesa. Nilimwekea taa juu kidogo ya macho, nikamwekea kitambaa cheupe upande wa pili, nikamnyoosha kola. Sijawahi kummulika mtu vizuri hivyo. Alicheka wakati hasa unaofaa. Na ndani ya kamera hapakuwa na kitu. Nilijisemea filamu zikija nitampiga tena, ya kweli, hatajua.

Jioni ile akamwandikia mama kwamba kaka amenipiga picha, itakuja. Kila siku akawa ananiuliza, nami namjibu bado inakauka. Wiki ya tatu homa ikampata, malaria ya kichwa, ikamla kwa siku nne. Siku ya tatu alinishika mkono, akaniuliza, "Kaka, picha imekauka?" Nikamwambia imekauka, nimeituma, mama ameshaiona. Akafunga macho akitabasamu. Mwaka mzima nilijiambia kwamba tabasamu lile ni thawabu yangu.

Tulimzika kesho yake. Njia ya kuja huku ilikuwa imefungwa na mama hakuweza kufika, unakumbuka mwenyewe. Barua yake ilinifikia baada ya arobaini. Haikunilaumu kwa lolote. Alikuwa na ombi moja tu: ile picha aliyoniandikia mwanangu, nitumie nimwone.

Ningeweza kumwandikia ukweli. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa nimefundisha shule kabla ya studio, na barua za nusu ya mtaa huu nilikuwa ninaziandika mimi: za vifo, za talaka, za kuomba radhi. Yangu mwenyewe ikanishinda. Nikajisemea mama hataweza kubeba kwamba mwanawe alisimama mbele ya taa ya kaka yake akachezewa kama mtoto wa mtaani. Hiyo ni nusu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba mimi sikuweza kujulikana hivyo.

Nikavaa koti la Hamisi. Lilinibana kwapani. Nikavaa kofia yake, nikavua miwani, nikaiweka taa ubavuni, na upande wa pili sikuweka kitambaa, nikauacha gizani kwa makusudi. Nikaitegesha kamera ijipige yenyewe. Nilipoisafisha nikaona bado ni mimi, na mama angenijua hata kwa nusu ya pua. Nikaigeuza filamu, nikaichapa kinyume, kushoto kukawa kulia. Uso wa mtu uliyemzoea ukiugeuza hivyo unakuwa wa jamaa yake. Kwangu mimi tu ndio uliobaki uso wangu, maana ndivyo ninavyojiona kwenye kioo. Na simu ya Zuhura, kwa ile kamera ya mbele, inageuza vilevile. Kile nilichokificha gizani kikarudi chote asubuhi moja, kwa taa ya kuuzia vitenge.

Kama huniamini, simama, nenda ukutani. Angalia vifungo vya koti. Vimefungwa kike. Mfuko wa kifuani uko kulia. Hamisi alikuwa fundi, hakushona koti la namna hiyo. Mama peke yake ndiye aliyeliona hilo. Aliniandikia, "Kwani huko Bujumbura wanaume wanavaa makoti ya kike?" Nilisoma, nikamjibu kwamba ndiyo mtindo wa mjini. Akajibu kwamba basi anashukuru Mungu sisi Ujiji tumechelewa kustaarabika. Hilo nalo nilimdanganya, akalichekea, na akafa na picha ile chini ya mto wake. Wewe ndiye uliyeniandikia hivyo. Ulisema aliibusu. Miaka yote hii namfikiria mama akinibusu mimi, huku akimlilia mwingine.

Sijui nikuombe nini. Kuikuza mtaikuza? Mkiikuza, huyo mtoto ataambiwa huyu ndiye uliyepewa jina lake, na yeye atakuwa anatazama uso wa mzee wa Bwiza. Mkiitoa, ukuta utabaki na alama nyeupe, na watu watauliza, na utalazimika kueleza habari zangu. Nilitaka kukuachia kitu kingine mahali pake. Nimepekua masanduku yote, nikamwagiza Zuhura apekue tena. Zipo harusi za watu, watoto wa watu, askari, maharusi, marehemu wa kila nyumba ya mtaa huu. Hamisi hayumo. Koti lenyewe nilimpa maskini mwaka ule ule kwa sababu sikuweza kuliona. Hukumu ni yako. Sina nguvu ya kuja kupiga magoti, na ningekuja nisingeinuka tena.

Zuhura nimemwambia jana. Alilia kidogo, kisha akasema, "Babu, mwambie Bibi Tatu kwa mukono wako. Mi sitarekodi." Taa yake ya duara ameiegemeza kona, na kila anapopita anaisogeza kidogo kama mtu anayemwomba mgeni radhi. Barua hii anampa jirani yetu anayeuza mitumba, anakwenda Kigoma Alhamisi, ili ikufikie kabla ya akika.

Nisalimie shemeji, na umwambie redio haimsikii. Msalimie binti yako mkubwa, mkunga, kwa mikono yake iliyowapokea watoto wa mji mzima. Msalimie mjukuu wako aliyeituma ile picha; hana kosa, alitaka kunifurahisha. Mama wa mtoto nampa pole ya uzazi. Na mtoto mwenyewe, mumpe jina hilo hilo. Jina ni la kweli. Katika yote niliyoyaandika hapa, jina sikulichezea.

Limebaki moja, nalo si la kukuungamia, ni la kukuomba. Nimesahau uso wake, Tatu. Nikifumba macho kumtafuta Hamisi, inakuja ile picha, ndiyo kusema najikuta mimi mwenyewe nimevaa koti lake. Nimejaribu kuanzia siku ya Idi, nimeipanga taa upya kichwani, nimemweka kwenye stuli, nimemnyoosha kola. Kila kitu kipo. Juu ya kola hapana kitu. Nilimfuta kwa mkono wangu. Wewe ulikuwa na miaka kumi, alikubeba mgongoni kwenda kisimani, lazima kuna kitu ulikiona kwa karibu. Niandikie hata kama hunisamehe. Usiandike kurasa. Kitu kimoja tu cha uso wake: meno, nyusi, kovu, chochote. Njia yangu iliyobaki ni fupi, na ninaogopa nitakutana naye nimpite kama mgeni, naye amesimama pale na koti lake, ananingoja aniulize kama imekauka.

Ni mimi, kaka yako unayemtazama ukutani,
Selemani