Ndiyo ya Dada

4 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mama anakohoa na hataki kuitwa mgonjwa.

Nimesikiliza mazoezi ya hotuba yako uliyonirekodia. Mhandisi mzima, mbona unakimbia kama unafukuzwa? Pumua kila unapobadilisha picha. Wale wakaguzi wa kigeni wakiuliza swali, usijieleze sana, hapo ndipo Kiingereza hukuangusha. Jibu neno moja, ukae. Najua, nakufundisha na mimi mwenyewe darasani sinyooshi hata kidole. Lakini hao ndio wataamua kama maji ya bwawa yapunguzwe kabla ya mvua, na sisi tunalala chini ya ukuta wake.

Mdogo wako

11 Machi

Mwalimu wangu,

Marahaba. Kikohozi cha mama vipi?

Nimemaliza! Nilipumua, nikaonyesha nyufa zote. Mwishoni mkubwa wao akauliza, "Kwa hiyo ukuta hautahimili mvua?" Nikajibu ndiyo, kwa Kiingereza safi, nikakaa. Wakatabasamu, wakapiga makofi. Habari mbaya vile, makofi ya nini?

Dada yako

13 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama hajambo, mimi ndiye si mzima.

Sisi mtu akiulizwa "hujala?" hujibu "ndiyo, sijala." Kwa Kiingereza, ndiyo hiyo ni kusema umekula. Wamesikia kwamba ukuta utahimili! Shuleni tulichekwa kwa kosa hilohilo, na bado nikakwambia ujibu neno moja. Waandikie leo, sentensi nzima.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeandika, nimepiga simu. Wameshasafiri, na ofisini wanasema jibu langu limeshapitishwa. Huku juu mvua imeanza. Mchukue mama mpande kwa mjomba kilimani. Usingoje.

Dada yako

22 Machi

Dada,

Shikamoo. Redio imetangaza kwamba mhandisi mwenyewe amethibitisha ukuta ni imara. Mama aliita majirani waje wasikie. Waliokuwa wamefunga mizigo wameifungua.

Nikasema, "Mama, dada alimaanisha hapana."

Akacheka. "Wewe hata salamu unainong'ona, leo umsahihishe msomi?"

Nikapiga kelele, dada. Mimi! Jirani akaniambia nishike adabu, mama anafurahia mwanawe.

Pale ulipopiga picha za nyufa, maji yanatoka, na yana matope. Huku simu hazishiki; njoo uwaambie mwenyewe, kwa Kiswahili. Mama hatoki bila neno lako, na mimi sitoki bila mama.

Mdogo wako