Mpe Simiyu Hilo Kufuli

Kiganjo, Thika

Kwako Mama,

Mulembe, mama. Goti linasemaje na baridi hii? Najua unajikokota kutoka jikoni hadi zizini huku ukimwambia kila mtu huumwi. Ile shali ya sufu niliyokutumia ni ya kuvaa, si ya kuwekwa sandukuni ikisubiri harusi ya mtu. Na nyanya yetu, Kukhu, bado anabishana na redio? Mwambie redio haimsikii, ingawa najua atasema inamsikia vizuri tu na inajifanya.

Mimi naamka, naenda kazini, narudi. Kuhusu afya yangu sitasema "mzima" kama ninavyosema siku zote, kwa sababu afya yangu ndiyo habari yenyewe ya barua hii. Vuta kiti uketi.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu yako, mama, ni ya kijiji kizima. Ukiipokea unaiweka sauti kubwa, senge, shangazi yetu, anasogea na kiti chake, na mtu akikohoa huku Thika anapewa pole na watu sita. Barua hii nimempa Simiyu wa kwa jirani, yule fundi wa mawe anayejenga huku Kalimoni, na nimemwambia aiweke mkononi mwako wewe tu. Uisome peke yako. Umefundisha watoto wa nasari miaka yote hiyo, huhitaji senge akusomee.

Jumapili iliyopita ulinipigia kunieleza habari za Nekesa. Ulisema mdogo wangu amekuwa mwizi wa chakula. Mkate uliowawekea wageni wa kanisa ameumaliza, maganda ya ndizi na karatasi za biskuti umezikuta chini ya godoro lake, na mezani anajifanya ameshiba baada ya matonge mawili. Ukasema umetia kufuli kwenye kabati la jikoni na ufunguo unatembea nao shingoni. Nikamsikia senge akicheka. Kisha ukasema shule zikifungwa utampeleka akaombewe na afunge kula siku tatu, awe kama dada yake Nafula anayeweza kufunga wiki nzima. Hapo nikasema mtandao ni mbaya, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri sana, mama.

Sasa nikueleze huyo Nafula wa kufunga ni mtu gani.

Nilipotoka Ruiru, kwenye kile chumba nilichokuwa nikiishi na wasichana wawili wa kiwandani, nilifurahi kupata changu mwenyewe hapa Kiganjo. Kazi unaijua: tunasimama kwenye mkanda tukichambua makadamia, nzuri huku, mbovu kule, kutwa nzima bila kusemezana. Zamu inaisha saa tisa, narudi kwenye chumba ambacho hakuna wa kuniambia karibu. Alasiri moja nilinunua mkate nile vipande viwili na chai. Nilipokuja kushtuka mkate umekwisha, na mkono wangu umo ndani ya sufuria ya wali wa jana. Sikuwa na njaa. Nilikula haraka kama mtu anayefukuzwa, chakula baridi, bila hata kusikia ladha yake. Nilijua ninakula kupita kiasi na nikashindwa kuacha. Niliacha tumbo liliponiuma, nikalala ubavu nikijichukia.

Nilidhani ni siku moja tu. Ikawa kila wiki, halafu mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi. Nikaamua kujiadhibu. Kanisani kukitangazwa mfungo, wa kwanza kuinua mkono nilikuwa mimi. Siku tatu maji matupu, tano, saba. Wamama walinisifu, nikasimamishwa mbele nitoe ushuhuda. Hawakuona kilichofuata. Mfungo ulipoisha nilikuwa nikila mpaka siwezi kuinama kufungua viatu, na kwa aibu ya kula huko natangaza mfungo mwingine. Nikanenepa. Nilipokuja Krismasi mlinipokea kwa vigelegele, mkasema Thika imenikubali. Nilicheka pamoja nanyi, kisha nikaenda nyuma ya zizi nikalia, na hakuna aliyejua.

Na ujanja nilikuwa nao, usifikiri. Mkate nilinunua kioski cha kona, maziwa kioski cha juu, mandazi karibu na shule, ili asiwepo mtu mmoja wa kuona vyote. Chapati nilinunua kwa Mama Shiro, mama Mkikuyu anayepikia mbele ya lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga. Nilinunua kumi. Kumi ni nyingi kwa mtu mmoja, kwa hiyo nilisema nina wageni. Leo ni binamu, kesho kutwa ni watu wa kwaya. Akaniita Mama Wageni, na jina likashika mtaa mzima.

Nilipoishiwa na wageni wa kubuni, mama, nikaanza kukutumia wewe. Umefika Kiganjo mara nyingi sana. Mara goti limekuleta kwa daktari, mara umemleta Nekesa kutembea, mara umekuja tu kwa sababu umenikumbuka. Hiyo ya mwisho niliisema nikiwa natamani iwe kweli.

Basi siku moja Mama Shiro alifunga jiko mapema akaja kukusalimu. Alikuja na maparachichi na pakiti ya majani chai, maana alisema mama wa mtu hasalimiwi mikono mitupu. Akabisha, mlango sikuwa nimeufunga vizuri, akaingia. Alinikuta sakafuni, katikati ya kitanda na ukuta, nina chapati ya saba mkononi.

"Haiya! Na mama ako wapi?"

Sikuweza kumeza wala kutema. Akatazama kitandani, akatazama nyuma ya pazia, akanitazama mimi.

"Nafula, kwani hakuna mama?"

"Hakuna."

"Hata ile siku ya goti?"

"Hata hiyo."

Nilingoja anicheke, au atoke akaambie ploti nzima. Aliketi chini na aproni lake la unga, akanyoosha miguu kando ya yangu.

"Mimi nimepika chapati miaka kumi na mbili," akasema. "Mtu ako na njaa namjua. Akikula anapata nguvu, anaanza kupiga story. Wewe ukikula unaisha. Hii si tamaa, maitu, binti yangu. Hii ni ugonjwa, na ugonjwa iko na daktari."

Jumamosi akaacha jiko lake kwa dada yake akanisindikiza kliniki moja Ruiru. Ruiru nilichagua mwenyewe, nikiogopa kukutana na mtu wa kwaya hapa Thika. Tulimkuta mshauri, mama wa rika lako, mwenye sauti ya kutuliza. Aliniuliza kama huwa nakula kwa muda mfupi chakula ambacho watu wengi hawawezi kukimaliza. Kama nikianza nahisi siwezi kujizuia. Kama nakula nikiwa sina njaa, kama nakula nimejificha, kama baadaye najisikia vibaya kiasi cha kutotaka kuonwa. Niliitikia ndiyo kila mara kama anayeapishwa, huku nikimtazama Mama Shiro kwa jicho la kumlaumu, nikidhani ndiye aliyemsimulia. Kumbe hakuwa amesema neno. Akauliza pia kama huwa najitapisha au kunywa dawa ya kuharisha. Nikasema hapana. Akaniambia kuna ndugu wa ugonjwa huu anayekuja na hayo, lakini wangu ni huu wa kula kupindukia. Una jina na una matibabu, na kupona watu wanapona.

Kisha nikamweleza habari za kufunga, nikingoja sifa. Akaweka kalamu chini.

"Nani alikuambia hiyo ndiyo dawa?"

Nikaanza kumsimulia ule ushuhuda wa kanisani, akanikatiza.

"Ukiunyima mwili, utakuja kudai. Utakula asubuhi, mchana na jioni, kwa saa zake. Hata kama jana ulikula kupita kiasi. Hasa kama jana ulikula kupita kiasi."

Nilikasirika, mama. Nilitaka mtu wa kuniadhibu, yeye akanipa ratiba ya chakula. Lakini nimeifuata. Narudi kwake kila baada ya Jumamosi moja, tunazungumza, na nina daftari ambamo naandika nilichohisi kabla ya kula. Daftari limeniumbua: siku zangu mbaya ni zile nilizoruka chakula cha mchana, na zile nilizoogopa kufungua mlango wa chumba kitupu. Juzi kanisani wametangaza mfungo. Nikamwendea kiongozi wa wamama nikamwambia mimi simo. Akaniuliza, "Dada Nafula, kwani umerudi nyuma?" Nikamwambia niko kwa matibabu, nitaomba nikiwa nimekula. Hakupenda. Nami sikubadilisha neno.

Sijapona kabisa, nisikudanganye. Jumapili ile ulipokata maneno yako, au nilipoyakata mimi, nilitoka moja kwa moja mpaka kwa Mama Shiro nikaagiza kumi.

"Za wageni?" akauliza, bila kunitazama.

Ulimi ulikuwa tayari kukutaja. Nikasema, "Hapana. Zangu."

Akatoa mbili kwenye sahani, akamimina chai, akanisogezea kibao cha kukalia. "Kula hapa, kwa watu," akasema. Nilikula mbili zangu hadharani, polepole, nikimweleza habari za Nekesa na lile kufuli. Nilipomaliza sikutaka nyingine. Hapo ndipo nilipoamua kuandika, kwa sababu mficha maradhi kilio humfichua, na mimi sitaki kilio hicho kianzie kwa mdogo wangu.

Mama, maganda ya chini ya godoro nayajua. Kushiba kwa matonge mawili mbele za watu nakujua. Hayo yote uliyoyaita wizi ningeweza kuyataja hata kama usingeniambia, kwa sababu ni yangu. Mimi si daktari na sijamwona Nekesa kwa macho, inawezekana nimekosea. Mpeleke hospitali, uombe kuonana na mtu anayeshughulikia mambo ya akili, na usiogope neno hilo. Usimpeleke kwa mfungo. Akifunga siku tatu kwa aibu, ya nne atakula kwa aibu kubwa zaidi, na ataanza kubuni wageni wake mwenyewe.

Najua utakachosema. Utasema huu ni ugonjwa wa watoto wa matajiri, kwamba sisi tulilelewa kwa kushukuru tukipata. Mimi huyu ni mtoto wako, mama, nimelelewa kwa ugali huohuo, na ugonjwa umenipata. Wala sikulaumu. Baba alipofariki ulinipa chakula ukaniambia kula mwanangu utulie, na hukuwa na kitu kingine cha kunipa. Ulinipa ulichokuwa nacho. Ninachokuomba sasa ni kingine, na ninakiomba nikiwa nimesimama: usimtaje mwili wake, uwe umenenepa au umekonda. Usimsimulie kwa senge. Keti naye mle pamoja asubuhi, mchana na jioni, na siku akikosea, kesho yake mle pamoja tena. Muulize taratibu, mkiwa wawili. Asipojibu, mpe barua hii aisome. Aone kwamba bingwa wa kufunga wa Thika alikuwa amekaa sakafuni.

Na likizo ikifika, njooni wote wawili, kweli. Nataka kukupitisha mbele ya jiko la Mama Shiro mchana kweupe, na goti lako, na shali yako. Anasema hataamini mpaka akuguse.

Nisalimie Kukhu, bishano lake na redio liendelee. Nisalimie senge pia. Nampenda, ila asisogeze kiti. Wamama wa kanisa huko nyumbani waambie Nafula anaimba bado. Nekesa mwambie dada yake anamngoja, na kwamba hakuiba.

Jambo la mwisho. Simiyu anarudi huku Jumatano, na nimemwambia asiondoke huko nyumbani Kimilili mikono mitupu. Hataki kuku wala mahindi. Mpe hilo kufuli pamoja na ufunguo wake. Chumba changu kina mlango wa nje mbovu, nitalitumia huko nikienda kazini. Kabati la jikoni kwetu halina mwizi. Siku Simiyu atakaponiwekea kufuli hilo mkononi, nitajua kwamba umenisoma, na kwamba Nekesa amekula.

Mimi mwanao wa kwanza,

Nafula