Matairi ya Stoo ya Kahawa

Akheri,
Jumatano jioni.

Kaka Meshack,

Tangu Alhamisi iliyopita kuna sauti moja haijatoka masikioni mwangu. Si mlipuko wenyewe. Huo ulikuwa mfupi na sikuuelewa. Ni ile iliyofuata: kipande cha mpira kikipiga bodi ya gari kila gurudumu lilipozunguka, pwa, pwa, pwa, taratibu kabisa, kama mtu anayekung'uta mkeka uani, huku sisi tukivuka kwenda upande wa barabara ambao haukuwa wetu.

Shikamoo. Nisamehe kwa kutanguliza hilo mbele ya salamu. Natumaini wewe, wifi Agnela na watoto mko wazima huko Mbeya, na kwamba baridi ya mwezi huu haijamrudishia Brayson kile kikohozi. Sisi huku tuko hai. Baba anakula, ingawa kidogo. Mimi nimeshonwa nyuzi nne juu ya jicho la kushoto na hazinisumbui. Migomba imebeba vizuri, na majirani wanakuulizia kila Jumapili baada ya ibada.

Najua Baba alikupigia akakuambia kwamba gari letu la kuvuta limepata ajali na kwamba dereva wetu Elihuruma alikimbiza. Ningeweza kupiga na mimi. Sikupiga, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza na kunisamehe kabla sijamaliza.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Tuliitwa Maji ya Chai kuchukua pikapu ya mfanyabiashara wa ndizi iliyokatika ekseli. Nilikwenda na Elihuruma kwa sababu mwenye gari alitaka makabidhiano ya maandishi, na kazi hiyo ni yangu tangu nilipomaliza chuo nikakosa ajira. Elihuruma aliinyanyua pikapu kwa winchi, akaifunga minyororo, akaikagua mara mbili kama anavyofanya siku zote, tukaanza safari ya kurudi kwenye karakana yetu Elerai. Njiani alikuwa ananitania. Huniita Injinia, ingawa nimesoma kemia na nimemwambia mara nyingi. Alisema nikiolewa atadai mahari yake mwenyewe kwa kunivumilia miaka yote hii.

Kabla ya kufika Usa River tairi la mbele, upande wa dereva, lilipasuka. Gari lilivutwa kulia, na pikapu ikawa inatusukuma kwa nyuma. Basi lilikuwa limepishana nasi muda mfupi tu kabla. Sitaki kuhesabu ni muda gani. Tulikwenda kugonga ukuta wa kalavati, ubavu wa dereva. Vumbi lilipotulia alinigeukia akaniuliza, "Injinia, uko mzima?" Nikamwambia ndiyo. Ndipo akatazama chini kwenye mguu wake.

Jumamosi madaktari waliukata mguu huo chini ya goti. Baba sidhani kama alikuambia hilo. Mimi mwenyewe nililisikia nikiwa nimeshika chupa ya uji mlangoni mwa wodi, na nilichofanya ni kuuliza uji niuweke wapi.

Askari wa usalama barabarani alifika nyumbani Ijumaa. Baba alimpokea kwa heshima, akamketisha, akamweleza kwamba matairi ya gari lile yalikuwa mapya, yana wiki tatu tu barabarani. "Tairi jipya halipasuki lenyewe," alisema. Hakuwa anadanganya, Kaka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Askari akaandika. Akasema jalada litakwenda kwa waendesha mashtaka Ijumaa ya wiki hii, na kwamba dereva huenda akashtakiwa kwa uendeshaji wa hatari. Jioni ile Baba akaanza kuulizia dereva mwingine.

Juzi Jumatatu nilikwenda hospitali. Mke wa Elihuruma, Fransiska, alinitoa nje kwenye korido. Aliniambia mumewe halali. Anarudia ile safari, anahesabu kona, anauliza kama mteremko ule ulimdanganya. Miaka kumi na tano ameliendesha gari letu bila kosa, na sasa anaanza kuamini alichoambiwa. Halafu akaniuliza kwa upole tu, "Dada Rachel, wewe ulikuwa umekaa pembeni yake. Alikimbiza kweli?"

Nilimjibu kwamba sikumbuki vizuri kwa sababu ya kugonga kichwa. Alinishika mkono akanipa pole.

Sasa nikukumbushe matairi yenyewe, maana unayajua kuliko mtu yeyote.

Mwaka 2013 ulimletea Baba matairi sita, kutoka kwenye mishahara yako ya kwanza. Nilikuwa kidato cha kwanza. Yalikuja yamezungushiwa karatasi kama maua, na Baba aliita jumuiya, mwinjilisti akayaombea. Kisha akasema ni mazuri mno kuanza nayo. Kwanza tumalize haya ya zamani. Ya zamani yalipokwisha alinunua ya mtumba, na mtumba ukafuata mtumba. Ya kwako yalibaki kwenye stoo ya kahawa, juu ya mbao, chini ya turubai, chini ya yale mabati yanayochoma. Wewe ulikuwa unakuja siku tatu za Krismasi na kuondoka, labda hukujua kwamba kila mwaka kabla hujafika aliyafunua, akayafuta, akayapaka mafuta ya mgando mpaka yakang'aa. Wageni walipelekwa kuyaona kabla ya chai. Elihuruma alikuwa akisema, "Matairi ya Meshack yana chumba chao, mimi nalala na watoto wanne." Baba alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

Mwezi wa tano mwaka huu Baba alichoshwa na pancha. Akaniagiza nimchagulie matairi ya kudumu. "Umesoma kemia," aliniambia, "na mpira ni kemia." Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo kuniomba kitu ambacho mtu mwingine asingeweza kukifanya. Nilifanya kazi hiyo mwezi mzima. Nilijaza daftari. Nilijifunza kwamba mpira mgumu unaodumu kwenye lami huteleza kwenye matope yetu ya Akheri. Nilijifunza kwamba namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni si pambo, kwa sababu gari la kuvuta hubeba uzito wake na sehemu ya uzito wa gari linalovutwa, na tairi lisiloweza hayo huchemka kutoka ndani. Gidion, fundi tairi wa pale Elerai, alinicheka aliponiona napima meno ya tairi kwa rula. Aliniambia niulize kwanza limezaliwa lini. Akanionyesha tarakimu nne ndogo ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. "Tairi linazeeka hata likiwa limelala," alisema. Likifika miaka sita yeye hulikagua kila mwaka. Likifika kumi halifungi kwenye gari la mtu yeyote.

Nilimpelekea Baba daftari. Alilisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, akasifu mwandiko. Kisha akalifunga akasema: kwa nini tununue, na matairi ya Meshack yapo, meno yote kamili, hayajatembea hata kilomita moja? Wakati wake umefika.

Tuliingia stooni pamoja. Yeye alishika turubai, mimi nikainama na taa ya simu. Chini ya mafuta nilizisoma: 3112. Wiki ya thelathini na moja, mwaka 2012; yalishavuka miaka kumi. Nilipitisha kidole gumba pembeni ya tarakimu na mpira ukafunguka nyufa ndogo, nyingi, kama udongo wa shamba mwezi wa pili. Nilielewa yote, Kaka. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Baba akaniuliza, "Wewe ndiye msomi. Yako sawa?"

Nikasema, "Yako sawa, Baba."

Nimejiuliza kwa siku sita kwa nini nilisema vile. Kulikuwa na woga. Sikutaka kuwa mtu wa kumwambia kwamba zawadi ya mwanawe imeoza huku akiitunza. Lakini kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho kinachonitisha. Nilikuwa nimechoka kushindana na wewe. Nilileta mwezi mzima wa akili yangu, nao ukashindwa na vitu sita vilivyolala chini ya turubai. Nilijiambia, haya, tumia basi. Sikuwaza mtu yeyote ndani ya gari. Elihuruma aliyafunga mwenyewe pale karakana, akipiga mluzi, akisema sasa na yeye ameonjeshwa chumba cha wageni.

Na kuna la pili. Askari aliponiuliza mwendo Ijumaa ile, nilimwambia sikuangalia. Niliangalia. Mshale wa spidi ulikuwa kwenye arobaini na tano. Nilijua nikisema hivyo swali litakalofuata ni tairi.

Jana asubuhi nilikwenda kituoni peke yangu. Nilipeleka daftari na kipande cha ubavu wa lile tairi nilichokiokota kalavatini na kukificha kwenye mkoba, tarakimu zinasomeka. Askari alinionya kwamba maelezo ya kwanza niliyosaini yanaweza kunirudi, na kwamba mwenye gari pia ataulizwa. Nikamwambia naelewa. Nimeandika kurasa tatu na kusaini kila moja. Nimekuandikia leo na si juzi ili usipate nafasi ya kunishauri.

Kutoka hapo nilikwenda hospitali. Nilimweleza Elihuruma mbele ya mkewe, kila kitu, tarakimu na mshale na stoo. Hakunitukana. Akasema, "Kwa hiyo sikukimbiza." Alisema mara mbili, ya pili akimtazama Fransiska. Halafu akaniomba niondoke, nikaondoka.

Baba nilimwambia jana hiyohiyo jioni, kwenye benchi la nje. Nilikuwa tayari kwa hasira. Alitazama mikono yake, akaniuliza kitu kimoja, "Meshack anajua?" Nikasema nitakuandikia. Kisha akasema, "Mwambie niliyatunza."

Nimekuambia. Mpe wifi salamu zangu na uwapakate watoto kwa niaba yangu. Baba anawasalimu nyote, na ameomba nikutajie kwamba leo ametoka kwenda kumwona Elihuruma, kwa miguu mpaka hospitali ya Tengeru, bila kukubali nimsindikize.

Mimi mdogo wako,

Rachel Sumari