Ini Upande wa Kushoto

Jumanne, Makorora

Na bado hasira hazijaniisha. Kumgeuza mgonjwa si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Bibi mmoja wa kijiji cha Moa, aliyeletwa hospitalini kwetu kupigwa picha ya figo, alikataa katakata kutanguliza kichwa kwenye tundu la mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili. "Mwanangu, shimoni nitatiwa siku yangu ikifika. Leo kichwa sikiingizi."

Rukia, mwenzangu wa zamu, akamwonea huruma, akamlaza upya ili miguu itangulie. Hakuniambia. Mimi nilikuwa chumba cha pili kwenye kompyuta, nimeshaandika kuwa kichwa kinatangulia, kama siku zote.

Mashine haimjui mtu, inaamini ilichoambiwa. Kwa hiyo upande wa kulia wa bibi ikauandika kuwa wa kushoto.

Picha zilipokuja nikaona ini, ambalo hukaa kulia, liko kushoto. Ingekuwa picha ya goti tu, nisingegundua kitu. Na figo bovu, ambalo huenda likatolewa, lilisomeka la kulia, kumbe ni la kushoto!

Nikatoka mbio kumfokea Rukia. Nikamkuta anamvisha bibi kandambili, na bibi kamshika mkono anamwombea dua. "Mungu akuhurumie kama ulivyonihurumia."

Nikaitikia amina, nikarudi kusahihisha picha.

Kesho nitamwambia Rukia, lakini taratibu. Maana mimi nisingemgeuza bibi yule. Ningeandika kwamba kakataa kipimo, nikamrudisha Moa na figo lake bovu.